Amani ya Krismasi Iliyosomwa na Mtu Mwenye Povu Shavuni

Kwako Ndugu Mhariri wa Habari,
Redio ya mji wetu,
Ghorofa ya juu, jengo lenye lifti mbovu.

Yah: Malalamiko mazito, pamoja na maombi machache mepesi

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta umesharudi likizo, umenenepa kidogo, na mikono imeanza kuzoea tena kazi. Mimi si mzima sana, lakini hilo tutalifikia. Rejea kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni kinyozi. Saluni yangu iko nyuma ya kituo chenu, mkabala na duka la misumari na mabati, na ina kiti kimoja kinachozunguka, kingine kilichogoma kuzunguka, benchi la wanaosubiri, na redio. Redio hiyo haijawahi kutoka kwenye masafa yenu tangu niinunue. Sitasema ni mapenzi tupu, maana kitufe cha kubadilishia kiling'oka. Hata hivyo ningeweza kununua nyingine na sikununua, kwa hiyo nihesabu miongoni mwa wasikilizaji wenu waaminifu.

Nakuandikia kuhusu taarifa yenu ya habari za dunia ya asubuhi ya Krismasi. Najua una shughuli nyingi, na mimi nimezoea kumwambia mteja kwamba tunamaliza sasa hivi huku nikijua hatumalizi sasa hivi. Wewe sitakudanganya. Barua hii ni ndefu.

Kabla sijaanza kuhesabu, ujue kwanza nyumbani kwangu kukoje. Kitinda mimba wetu ni muuguzi. Badala ya kuuguza watu wa hapa, ambao wanaugua vizuri tu, alijiunga na shirika la misaada akaenda kuuguza kwenye ile nchi yenye vita. Unaijua. Ni ile ambayo wasomaji wenu kila mmoja hulitamka jina lake anavyojua, wa asubuhi kivyake na wa jioni kivyake, mpaka siku moja mke wangu akadhani vita vimekuwa viwili. Hospitali aliyopo iko ng'ambo ya mto, na huko simu haishiki. Siku chache kabla ya sikukuu alipata bahati ya kutupigia kwa simu ya mtu, akatueleza mpango. Pande mbili zikikubali kunyamazisha bunduki siku ya Krismasi, lori litawavusha wauguzi mto, liwapeleke kwenye mji wenye mtandao, na ikifika adhuhuri atapiga simu. Bunduki zisiponyamaza, lori haliendi popote. Ndivyo ilivyokuwa, Ndugu Mhariri. Wenzetu walikuwa wanasubiri Krismasi, sisi tulikuwa tunasubiri taarifa ya habari.

Sasa naanza.

La kwanza. Asubuhi ya Krismasi nilifungua saluni, kwa sababu kuna wanaume ambao ndevu zao huzikumbuka siku yenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya kupiga bati mpaka unamsemesha mteja sikioni. Mteja wangu wa kwanza alikuwa msomaji wenu wa taarifa, yule wa sauti nzito ambaye hapa mtaani tunamwita Koo la Shaba. Ni mteja wa siku nyingi na sina ubaya naye. Nilimfunika shuka, nikampaka povu, nikafungua wembe. Nilikuwa nimeshamaliza shavu moja, nateremka kuelekea shingoni, redio ikapiga ule mlio wenu wa taarifa. Kisha Koo la Shaba akasema, kutokea redioni, kwamba hizi ni habari za dunia, zinazokujia moja kwa moja kutoka chumba chetu cha habari.

Naomba uelewe hali ilivyokuwa. Mtu yuko kwenye kiti changu. Midomo ameifumba, na nimemkataza mwenyewe kuifumbua kwa sababu ya wembe. Na sauti yake iko juu ya rafu, kati ya spiriti na poda, inanitakia heri ya sikukuu moja kwa moja. Katika kazi hii nimenyoa mahakimu, nimenyoa wezi wao, nimenyoa bwana harusi aliyekuwa analia. Mtu aliyeko mahali pawili kwa wakati mmoja sijapata kumnyoa.

Akiwa redioni alisema kwamba pande zote mbili za ile nchi zimesitisha mapigano tangu alfajiri kwa heshima ya sikukuu, kwamba bunduki ziko kimya, na kwamba wananchi wameonekana wakitembeleana kwa furaha. Akasema pia kwamba mji wetu una jua zuri na wazazi wawaache watoto wakacheze nje. Wakati huo mlango wangu ulikuwa unaingiza maji. Akiwa kitini, alinikodolea macho kupitia kioo kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani kwapani.

Niliuondoa wembe shingoni mwake nikamwuliza. Sikumtisha. Kama amekuambia nilimtisha, wembe ulikuwa mkononi kwa sababu za kikazi. Alinieleza bila kuficha, na kwa majivuno kidogo, namna kituo chenu kinavyofanya kazi. Kwamba kila mwaka kabla ya likizo mnarekodi taarifa zote za Krismasi, mnazipanga kwenye mashine, fundi mitambo anabaki peke yake kubonyeza, na ninyi wengine mnakwenda zenu. Nikamwuliza mnajuaje yatakayotokea. Akanijibu kwamba, mzee wangu, siku ya Krismasi dunia haina jipya. Viongozi wanatoa salamu, mataifa makubwa yanatoa wito wa amani, watu wanajaa kwenye ibada, wanaopigana wanapumzika kidogo, jua linawaka. Mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo. Akasema hata karatasi aliyoisoma ilikuwa ya mwaka jana, mlichofanya ni kubadilisha jina la nchi.

Nilimaliza shavu la pili, kwa sababu mimi kazi ya siku naifanya siku yenyewe.

La pili ni fupi. Mimi siwezi kumnyoa mtu leo ndevu zitakazoota kesho. Ingewezekana ningekuwa nimeshawanyoa wateja wote mpaka Pasaka, nimefunga mlango, nimekwenda kulala kama ninyi. Ndevu tu, ambazo hazina jeshi wala rais, zinatulazimisha tuzisubiri ziote. Nyinyi mmewezaje kuinyoa amani kabla haijaota?

La tatu linahusu nyumbani kwangu, na hapa naomba uvue miwani uisafishe.

Nilifunga saluni nikarudi nyumbani na hiyo habari yangu mdomoni. Nilikusudia kumwambia mke wangu mara tu nikiingia. Nikamkuta mlangoni ananisubiri, jambo ambalo huwa halifanyi mpaka awe na deni la maneno. Amevaa gauni ambalo lilikuwa linasubiri harusi ya mtu. Meza imetandikwa. Katikati ya meza, mahali ambapo watu wengine huweka maua, ameweka simu juu ya kisahani, ili ikitetemeka aisikie hata akiwa jikoni. Alikuwa ameisikia taarifa yenu, na kabla sijavua viatu alishanihadithia yote kwa sauti ya Koo la Shaba, na kule kukohoa kwake katikati hakukuacha.

Ndugu Mhariri, ile habari yangu niliimeza. Nilisema alhamdulillah au nilisema Mungu mkubwa, sikumbuki, nilisema kitu ambacho mtu anasema habari ikiwa njema. Kuanzia hapo nikawa mfanyakazi wenu. Msomaji wa taarifa nyumbani kwangu mwenyewe, bila mkataba na bila likizo. Aliponiuliza kama hapo saluni nimesikia zaidi, nilimwambia nimesikia kwamba hata upande wa mto kumetulia. Hilo hamkulisema ninyi, nililiongeza mimi. Uongo ukishaukaribisha ndani, unaomba na kiti.

Tulikuwa na mgeni, mstaafu wa posta anayekaa nyumba ya pili, ambaye tunamwita Balozi kwa sababu hakuna nchi ambayo hajawahi kuishauri akiwa kwenye benchi langu. Balozi alitueleza kwa kirefu kwa nini amani hii ilikuwa lazima ije, na kwamba yeye aliiona tangu zamani. Alituchorea mpaka kwa mifupa ya kuku juu ya kitambaa cha meza. Paja likawa jeshi la huku, bawa likawa jeshi la kule, na mchuzi uliomwagika ukawa mto. Mke wangu akamwuliza hospitali iko wapi. Balozi akaweka punje ya wali. Mke wangu aliitazama ile punje mpaka Balozi akamaliza kula, na alipokuja kuondoa vyombo aliiacha palepale.

Adhuhuri ikafika. Ikapita. Mke wangu akasema mtandao utakuwa umejaa, siku kama hii kila mtu anampigia mama yake. Nikasema kweli, utakuwa umejaa. Baadaye akasema labda lori limepata pancha. Nikasema malori ya kule ni mabovu. Kila alichosema nilikiunga mkono, na kila nilipokiunga mkono aliniangalia, na mimi nikaangalia simu. Balozi alilala kwenye kochi. Hiyo ndiyo Krismasi mliyotupa.

La nne nililiandika lote, tena vizuri, lakini mke wangu alipita nyuma yangu na kikombe cha chai, akachungulia kipande hicho, akanipokonya kalamu akalikata akisema halifai kusomwa na mtu mwenye wazazi. Naomba ulihesabu kuwa lipo.

La tano. Kesho yake mlirudi kazini. Msomaji wa zamu, sauti ngeni kabisa, akatangaza bila hata kujikuna kwamba mapigano katika ile nchi yaliendelea usiku na mchana wa Krismasi, makali kuliko ya wiki nzima, kwa sababu kila upande ulidhani mwenzake anapumzika. Kisha mkapiga tangazo la sabuni. Hamkusema kwamba jana mlisema vingine. Hamkusema samahani. Ile amani mliyotupa jana iliondoka bila kuaga, na ninyi mkafanya kama hamumjui mtu huyo.

Ninawauliza kwa heshima, je, ninyi mnafikiri redio inasikilizwa na nani? Kwenu nadhani ile ni habari ya tatu, kati ya bei ya mafuta na mashindano ya riadha. Kuna nyumba nyingine, na si yangu peke yake, ambako habari ya tatu ndiyo mtoto.

La sita, na hili nawatetea kidogo, maana mimi si mtu wa kuonea. Hamko peke yenu. Balozi ana televisheni, na jioni ya Krismasi tulikwenda kwake kuangalia salamu za viongozi wa vile vita. Wa upande mmoja alikaa mbele ya mti wenye taa, amenyolewa akang'aa, akisema moyo wake unawaza watoto wa pande zote. Kesho yake akaonyeshwa akitembelea wanajeshi wake, na kidevuni ana ndevu ambazo hata mke wangu, ambaye ndevu hazimhusu, alisema hizo si za usiku mmoja. Salamu zile zilirekodiwa zamani. Huenda alirekodi upendo asubuhi, akatia sahihi amri ya mashambulizi mchana, akaenda kula. Yule wa upande wa pili sina la kumsemea, alisoma salamu fupi, akambusu mtoto mchanga, mtoto akalia, wakakata picha. Mtoto peke yake ndiye hakuwa amerekodiwa.

Na wale wakubwa wa dunia wanaouza silaha huku na kule, wao walitoa taarifa kwamba wamesikitishwa sana. Kila Krismasi wanasikitishwa sana. Nina mteja wa aina hiyo. Huja saa ya kufunga, anakuta nimeshafagia, ananiambia pole kinyozi umechoka sana leo, huku anakaa kitini.

Kwa hayo yote, Ndugu Mhariri, naomba sasa niwasilishe maombi yangu. Nimeyapanga kuanzia dogo.

Ombi la kwanza. Ile taarifa ya Krismasi ifutwe. Isihifadhiwe, isiwekwe kabatini, isije ikasomwa mwakani kwa kubadilishwa jina la nchi. Ifutwe mbele ya mashahidi, na mimi niwe mmoja wao. Na ile ya Mwaka Mpya, ambayo Koo la Shaba amenong'ona kwamba nayo mmeshairekodi, ifutwe pamoja nayo. Siku ya sikukuu kama hamna mtu wa kusoma habari, semeni hamna mtu. Pigeni muziki. Mkikosa muziki, wekeni kipaza sauti dirishani tusikilize mvua, angalau mvua itakuwa ya siku hiyo.

Ombi la pili ni la wale kati yenu watakaoona la kwanza ni gumu. Kama ni lazima mrekodi, basi rekodini kwa haki. Ukarimu wa siku moja ni uchoyo. Rekodini mwaka mzima kwa mkupuo. Januari, semeni vita vimekwisha. Februari, wale viongozi wawili wameonekana wakigawana mwavuli. Machi, viwanda vya bunduki vimeanza kutengeneza masufuria, na wahusika wanajuta kwamba hawakuanza mapema. Aprili, waziri fulani amejiuzulu bila kusukumwa. Mkiwa hapo hapo, semeni lami imefika mtaani kwetu. Uwezo mnao, sauti mnayo, fundi wa kubonyeza mnaye. Mkikataa, nitaelewa kwamba uongo wenu hautokani na tamaa ya amani, unatokana na uvivu, na mtu mvivu hata kwenye uongo sijui nimpeleke wapi.

Ombi la tatu. Mnapowasiliana na hao wakubwa wa dunia, naomba mnifikishie kwamba saluni yangu inapatikana kwa mazungumzo ya amani. Nasema kwa dhati. Kwenye mahoteli wanakokutana kuna maji ya chupa, bendera na wapiga picha, na kila mmoja anarudi kwao akiwa na kiburi zaidi. Kwangu kuna wembe. Tangu nianze kazi hii sijaona mwanaume anayepandisha sauti akiwa na wembe chini ya kidevu, hata awe jemadari. Mtu aliyepakwa povu hana cheo. Tutamkalisha mmoja kwenye kiti kinachozunguka na mwenzake kwenye kile kilichogoma, halafu wabadilishane, ili pasiwe na lawama. Nitanyoa shavu moja moja. Hakuna atakayeinuka kabla ya kukubaliana, maana hakuna rais atakayekubali kutokeza barabarani na ndevu za upande mmoja. Waliosema mwenzako akinyolewa wewe tia maji walikuwa wanazungumzia jambo hili hili. Na usiwasikilize watakaokuambia kwamba mimi mwenyewe sisemezani na fundi viatu wa jirani kwa ajili ya mfereji wa maji machafu. Huo ni mgogoro mdogo, wa miaka mingi, na kosa ni lake. Kinyozi hajinyoi.

Pia naomba iwe sheria kwamba salamu zote za Krismasi za viongozi wote zisomwe kutoka kwenye kiti hicho, mimi nikiwa kazini. Tutaona ni nani atasema moyo wake unawaza watoto.

Ombi la nne na la mwisho. Nataka Koo la Shaba apelekwe huko. Hapana, nimefikiri, sijakurupuka. Aliiona amani hiyo kwa macho ya karatasi, sasa aende akaione kwa macho yake. Mpandisheni kwenye ndege, mpakieni kwenye lori, mvusheni mto. Akifika hospitalini aulizie muuguzi mrefu, mwenye mwanya, anayetembea haraka kama mama yake akiudhika. Akimpata asitangaze chochote. Ampe tu simu yake, hata kama haishiki, amwambie aandike neno, na yeye atalileta. Amwulize kama amekula. Amwulize kama ile Krismasi alikuwa mahali penye paa.

Nina hasira, Ndugu Mhariri, kama utakavyokuwa umeng'amua. Lakini nikiikwangua hasira yangu kidogo, chini yake nakuta woga, kwa hiyo naona bora niiache ilivyo. Mpaka naandika haya, simu bado iko kwenye kisahani. Hajapiga. Taarifa zenu siku hizi mnasoma siku yenyewe, nimethibitisha, kwa sababu kila mkizungumzia ile nchi habari ni mbaya, na habari mbaya hamjajifunza kuirekodi mapema. Mnasema idadi. Hamsemi hospitali ipi. Wembe wangu husimama kila mnapofika hapo, na wateja wangu wameshazoea, hukaa kimya mpaka mmalize.

Nategemea hatua kali zitachukuliwa, na jibu kwa maandishi, lililoandikwa siku ile ile litakayopelekwa.

Nisalimie fundi mitambo aliyebaki kubonyeza, ambaye kati yenu wote ndiye aliyekuwepo. Nisalimie mlinzi wa getini, mama anayewachemshia chai, wale wanaoimba tangazo la sabuni, na yule binti wa mapokezi ambaye alinijibu kwa upole nilipopiga simu mara nyingi siku ile ya pili. Koo la Shaba mwambie nafasi yake kitini ipo, na kwamba sijamkata na wala sitamkata.

Ni mimi msikilizaji wenu, kwa mapenzi na kwa kitufe kilichong'oka,

Kinyozi wa nyuma ya kituo

Nyongeza. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha. Mke wangu akaifungua kwa kisu cha jikoni akaisoma barua yote kuanzia Ndugu Mhariri, akiwa amesimama, kisha akakaa.

Ameniambia kwamba asubuhi ile ya Krismasi, Koo la Shaba alipotangaza jua zuri, yeye alikuwa uani anaanua nguo na mvua inampiga mgongoni. Alijua hapo hapo kwamba taarifa ni ya kuchovya, kama dhahabu bandia, kabla mimi sijamaliza shavu la pili. Nikamwuliza basi mbona alivaa lile gauni. Akasema aliniona dirishani ninavyokuja, nimejikunyata na mvua, naharakisha kama mtu anayewahi simu, akadhani nimeamini, akaona haya kuniharibia sikukuu, akalivaa upesi. Kwa hiyo yale ya mtandao kujaa alikuwa ananisomea mimi, na yale ya malori mabovu nilikuwa namsomea yeye, na Balozi peke yake ndiye aliyekula kuku kwa moyo mweupe.

Tumezungumza. Kuhusu ombi la kwanza, naomba lisitekelezwe. Tafadhali msiifute ile taarifa. Na kama bado iko kwenye mashine, tunaomba muirudie adhuhuri moja, siku yoyote mtakayopata nafasi. Si lazima mseme ni moja kwa moja, sisi tunajua ilivyo na hatutamwambia mtu. Anzeni pale bunduki zinaponyamaza mpaka pale watu wanapotembeleana. Hali ya hewa pia msiikate. Leo huku kwetu kunanyesha, lakini mke wangu anasema angependa kuisikia yote.